Namna ya kupima kama lami kweli inajiponya yenyewe (na usijidanganye na namba)

Siku hizi kuna viongezeo vingi vya lami, mara kapsuli za mafuta, mara nyuzi za chuma, mara unga flani hivi, na kila anayeleta anasema lami yake inajiponya nyufa. Inaweza ikawa kweli kabisa. Shida ni kwamba lami yoyote, hata ile ya kawaida isiyowekwa kitu, inajiponya kiasi chake, na hili halijaanza kujulikana jana, Bazin na Saunier walishaliandika mwaka 1967 kwamba mchanganyiko wa lami ukivunjika au ukichoka alafu ukapumzishwa unarudisha sehemu ya nguvu. Kwahiyo ukisikia mtu anakwambia "yangu inapona" muulize inapona kiasi gani, kwenye joto gani, kwa muda gani, na ile isiyo na dawa yake inapona kiasi gani kwenye hali hiyohiyo. Akikosa jibu la hilo la mwisho hana kipimo, ana tangazo.

Mwongozo huu nimeulenga kwa maabara za kwetu, yani una oveni, una mashine ya Marshall (ile ya kubana sampuli ya lami mpaka ivunjike), una diski ya kukatia yenye almasi, na friza ya kawaida ile ya kuuzia samaki. Vinatosha. Wenye reomita (mashine ya kupima ugumu wa lami tupu kwa kuitikisa) nimewawekea sehemu yao huko chini.

Kwanza uelewe kinachotokea ndani, kwa kifupi tu. Ufa una kuta mbili. Kuta zikigusana lami ya upande huu inaanza kulowanisha upande ule, inatiririka kidogo kidogo kuziba nafasi, alafu molekuli zinavuka na kuchanganyikana hadi mpaka wa kuta mbili unapotea. Kinachoendesha yote haya ni joto na muda. Lami nyingi zinaanza kutiririka kama kimiminika cha kawaida mahali fulani kati ya nyuzi joto 30 na 70, inategemea ni laini au ngumu kiasi gani na imezeeka kiasi gani. Chini ya hapo kupona kupo ila ni kwa polepole sana. Na kuta zisipogusana, au zikiwa na vumbi, au maji, hamna kitu hapo hata ukipasha vipi. Karibu kila hatua inayofuata imetokana na hiyo aya, kwahiyo isome tena kama umeiruka.

Hatua ya 1: Andika swali lako kabla hujawasha oveni

Usicheke, hapa ndo wengi wanapotea. Unataka kulinganisha lami ya 60/70 na 35/50 (madaraja ya ugumu, namba ndogo ndo ngumu zaidi)? Unataka kujua kiongezeo kinasaidia? Au unataka kujua barabara ya Dar na ya Makambako zitapona tofauti vipi? Kila swali lina sampuli zake. Hapa nachukua la kiongezeo kwasababu ndo linaloulizwa sana, mchanganyiko wa kawaida dhidi ya mchanganyiko wenye kiongezeo, kwenye joto mbili tofauti.

Kwa kila mchanganyiko na kila joto unahitaji makundi haya:

- Kundi A, sampuli 4, zinavunjwa, zinaponywa, zinavunjwa tena.
- Kundi B, sampuli 4, HAZIVUNJWI mwanzoni, zinakaa oveni pamoja na A muda uleule, alafu ndo zinavunjwa.
- Kundi C, sampuli 2 kwa kila mchanganyiko, zinavunjwa, zinarudishwa friza moja kwa moja na kuunganishwa humo zikiwa kavu bila kupashwa, alafu zinajaribiwa.

Kundi B ndo linarukwa na karibu kila mtu, na ndo lenye maana kuliko yote, nitaeleza kwenye hesabu. Kwa michanganyiko miwili na joto mbili unapata jumla sampuli 36. Ndio ni nyingi. Vipimo vya kuvunja lami vinatawanyika sana, kutofautiana kwa asilimia 15 kati ya sampuli ndugu ni jambo la kawaida, kwahiyo ukitumia sampuli moja moja unacheza bahati nasibu.

Hatua ya 2: Tengeneza na panga sampuli

Tumia umbo la nusu duara, ile tunayoiita nusu chapati. Kama una mashine ya kushindilia kwa kuzungusha, silinda ya kipenyo cha milimita 150 na urefu wa 160 hivi inakupa visahani viwili vya unene wa milimita 50, na kila kisahani unakikata katikati, kwahiyo silinda moja ni nusu chapati 4, silinda 10 zinakutosha, 5 kwa kila mchanganyiko. Kama una moldi za Marshall tu, kipenyo ni 101.6 na urefu 63.5, unapata kisahani kimoja cha 50 yani nusu mbili, kwahiyo utashindilia 18. Usichanganye ukubwa wa aina mbili kwenye jaribio moja.

Kabla ya kushindilia weka mchanganyiko uliolegea kwenye oveni masaa 4 kwa nyuzi 135, ukigeuza kila lisaa, hii inaiga kuzeeka kwa lami wakati wa kuchanganywa, kusafirishwa na kumwagwa. Ukitaka pia kujua hali ya barabara iliyokaa miaka, sampuli zilizokwisha shindiliwa zikae siku 5 kwenye nyuzi 85. Mimi ningeshauri ufanye yote mawili ukiweza, manake lami mpya kupona sio ajabu sana, nyufa nyingi zinakuja wakati lami imeshakakamaa na hapo ndo uwezo wa kupona umeshuka. Kiongezeo kinachofanya kazi kwenye lami mpya tu hakina msaada mkubwa.

Pima nafasi za hewa kwa kila sampuli kwa kuipima hewani na majini kama kawaida, alafu zote ziwe ndani ya nusu asilimia juu au chini ya lengo lako, tuseme 7. Zinazotoka nje ya hapo tupa, au tumia za kujaribishia mashine. Na kitu kingine, nusu zilizotoka silinda moja usiziweke zote kundi moja, zitawanye, moja A, nyingine B, vinginevyo utakuja kulinganisha silinda na silinda ukidhani unalinganisha kupona.

Hatua ya 3: Kata mkato

Katikati ya upande bapa kata mkato wa kina cha milimita 15, wembamba wa milimita 1.5 hivi. Kwa sampuli za Marshall punguza kina kiwe 10. Kazi ya mkato ni kuuambia ufa uanzie wapi. Kata kwa maji alafu acha sampuli zikauke kwa feni siku nzima kwenye joto la chumba, sio oveni.

Hatua ya 4: Vunja zikiwa zimeganda

Hapa watu huwa wanauliza kwanini nisivunje kwa nyuzi 25 kama barabara ilivyo. Sababu ni kwamba kwenye nyuzi 25 lami inavutika kabla ya kukatika, sampuli inajikunja, kuta za ufa zinabadilika umbo na ukizirudisha pamoja hazikai, sasa hapo unapima ufundi wako wa kubandika. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri inakatika kavu kama kigae na vipande vinarudiana vizuri kabisa. Friza ya kawaida inafika 18 chini ya sifuri, inatosha, ila joto liwe lilelile mara zote.

Toboa sampuli moja ya bure, ingiza kipimajoto katikati, iache friza na wenzake usiku kucha. Ndo itakayokwambia kama ndani kumeganda kweli. Ukitoa sampuli uwe umeshaivunja ndani ya dakika mbili, hasa kwa joto la Dar, kwahiyo mashine iwe tayari, umbali kati ya rola mbili za kuegemea sampuli umeshapimwa (milimita 120 kwa kipenyo cha 150, milimita 80 kwa Marshall), karatasi ya kuandikia ipo. Kasi ya milimita 50 kwa dakika ya mashine ya Marshall inafaa, muhimu isibadilike.

Angalizo la pete ya kupimia nguvu: ile ya kilonewtoni 50 inayokaa kwenye Marshall mistari yake ni mipana mno kwa kazi hii, nusu chapati inavunjika kwa kilonewtoni chache tu. Tafuta ya 10. Ukiwa na kifaa kinachorekodi nguvu na mwendo kwenye kompyuta, bora zaidi, utapata na nishati ya kuvunja.

Andika nguvu ya juu kabisa, iite F1. Piga picha kuta za ufa. Angalia mawe yaliyopasuka katikati, utayaona meupe, na kadiria ni asilimia ngapi ya eneo. Jiwe haliponi! Kama robo ya ukuta ni mawe yaliyokatika basi hata lami ikipona yote hutafika 100, na ukilinganisha michanganyiko yenye kokoto za machimbo tofauti bila kuangalia hili utailaumu lami bure.

Hatua ya 5: Kausha, unganisha

Kitu kilichotoka friza kikakutana na hewa ya pwani kinatoka jasho hapohapo. Maji hayo yakibaki kwenye kuta lami haigusani. Kwahiyo vipande vikae vimetenganishwa, mbele ya feni, kwenye joto la chumba masaa 3 au 4 mpaka viwe vikavu, usiviguse kuta kwa vidole, usivifute kwa kitambaa.

Kundi C nalo lina mtego wake. Ukilirudisha friza likiwa na unyevu, barafu itashika vipande na utapata nguvu ya uongo kabisa, utasema lami imepona bila joto kumbe ni barafu. Kwahiyo hawa vipande vyake vikishavunjwa tu virudi friza hapohapo, unaviunganisha humohumo ndani, na kama ukuta umeshaota ukungu mweupe sampuli hiyo imekufa, chukua nyingine. Matokeo ya C yawe karibu na sifuri. Yakiwa sio sifuri simamisha kila kitu utafute sababu.

Vipande vya A viunganishe kwa mkono, jiwe lirudi kwenye tundu lake, weka kwenye fremu ya mbao au chuma yenye umbo la sampuli, ndani tandika karatasi ya kuokea ili isigandie. Fremu izuie sampuli isitanuke wala kulala ikipata joto, ila isiibane. Ukikaza bolti hii nyingi na ile kidogo umeshaharibu, manake mgandamizo unasaidia kupona na utakuwa umewapa wengine msaada wengine hapana. Usiweke uzito juu.

Hatua ya 6: Ponya

Chagua joto lenye maana kwa barabara unayoifikiria. Uso wa lami Dar mchana wa Februari unapita nyuzi 50 kirahisi, usiku uko kwenye 25 na kitu. Nyanda za juu kama Njombe na Makambako Juni na Julai ni hadithi nyingine. Kwa kuanzia tumia 25 na 50. Muda anza na masaa 24, na ukipata sampuli za ziada ongeza lisaa 1, masaa 6, na siku 3 ili uone mchoro unavyopanda, manake michanganyiko miwili inaweza kufika palepale siku ya tatu lakini mmoja ulishafika ndani ya masaa sita, na barabarani hiyo tofauti ni kubwa sana, magari hayasubiri.

Juu ya 60 kuwa mwangalifu, lami laini inaanza kuchuruzika chini na sampuli inalala, unapata ufa uliozibwa na lami iliyoshuka kutoka juu.

B wanakaa oveni ileile, rafu ileile, fremu zilezile. Baada ya hapo wote wanapoa kwenye joto la chumba masaa kadhaa, alafu friza usiku kucha.

Hatua ya 7: Vunja tena, fanya hesabu

Utaratibu ule wa hatua ya 4, bila kubadilisha chochote. Nguvu ya pili iite F2.

Hesabu wanayoitumia wengi ni F2 gawanya kwa F1 mara 100. Ni sawa lakini inadanganya. Mfano wa namba za kufundishia tu: F1 ni kilonewtoni 2.8, F2 ni 1.4, unasema imepona asilimia 50. Sasa angalia kundi B, ambalo halikuwahi kuvunjwa, baada ya oveni linavunjika kwa 3.2. Yani joto lenyewe limeikaza lami, kila sampuli iliyoingia oveni imepata nguvu ambayo haihusiani na ufa. Kwahiyo kupona halisi ni 1.4 gawanya 3.2, ambayo ni asilimia 44 hivi. Kuna wakati inakuwa kinyume, sampuli imelainika au imelegea kidogo oveni, B inashuka, na hesabu ya kawaida inakunyima haki yako. Toa namba zote mbili kwenye ripoti, ila hukumu kwa hii ya B.

Kama ulirekodi mchoro mzima wa nguvu na mwendo, fanya hesabu hiyohiyo kwa eneo chini ya mchoro, ndo nishati ya kuvunja. Mara nyingi utakuta nguvu imerudi vizuri kuliko nishati, ufa umeshikana ila unakatika kirahisi ukishaanza.

Tofauti ya pointi tano kati ya mchanganyiko wenye kiongezeo na usio nacho, na mtawanyiko wenyewe ni 15, hiyo sio tofauti. Sema hivyo hata kama mteja atanuna.

Kwa wenye reomita

Hapa unapima lami tupu, bila kokoto, baada ya kuizeesha (oveni ya kuzungusha nyuzi 163 dakika 85, alafu chombo cha shinikizo nyuzi 100 masaa 20). Sahani ya milimita 8, nafasi ya milimita 2, masafa hezi 10, unapandisha mkunjo (kiasi unachoipindisha lami) taratibu kutoka asilimia 0.1 kwenda 30. Chagua joto ambalo ugumu wa mwanzo unakuwa kati ya megapaskali 12 na 60, chini ya hapo lami inatiririka pembeni badala ya kupasuka, juu ya hapo inabanduka kwenye sahani na mashine yenyewe inaanza kupinda.

Sampuli moja ipeleke mpaka mwisho ili ujue inapofia. Inayofuata isimamishe njiani, kwenye nusu ya uharibifu wa ile ya kwanza, ipumzishe dakika 1, nyingine 5, nyingine 15, nyingine 30, alafu endelea. Wakati wa mapumziko ugumu utapanda haraka sana na hapo ndo watu wanashangilia. Msishangilie jamani. Sehemu kubwa ya kupanda kule kwa dakika za kwanza sio ufa kuziba, lami ikitikiswa inalegea na ikipashwa moto na mtikisiko wenyewe inalegea zaidi, ukiiacha inajikusanya na kupoa, hata kama haikuwa na ufa wowote. Utajuaje? Angalia baada ya kuanza tena. Kama ugumu unaporomoka ndani ya mizunguko michache na kurudi kwenye mchoro wa zamani kana kwamba hapakuwa na mapumziko, hiyo ilikuwa kulegea na kukaza tu. Kama mchoro unabaki juu na lami inaishi mizunguko mingi zaidi kabla ya kufa, hapo kuna kupona. Ripoti maisha yaliyoongezeka, sio ugumu uliorudi.

Kama kiongezeo ni nyuzi za chuma

Uholanzi walishaijaribu barabarani, Desemba 2010 kwenye barabara ya A58 karibu na Vlissingen, kazi ya kina Erik Schlangen wa chuo kikuu cha Delft, lami yenye matundu mengi iliyowekwa sufi ya chuma, inapashwa kwa gari lenye koili za umeme linalopita juu. Shida yao kubwa ni kokoto kung'oka juu. Elewa kwamba chuma hakiponyi chochote, kinaleta joto tu, anayepona ni lami. Kwahiyo linganisha sampuli za namna tatu: zenye nyuzi zilizopashwa kwa koili, zenye nyuzi zilizopashwa oveni kwa joto lilelile, na zisizo na nyuzi zilizopashwa oveni. Bila hizo tatu huwezi kujua kama faida imetoka kwenye joto au kwenye nyuzi kushikilia vipande. Piga picha ya kamera ya joto, utaona kama nyuzi zimejikunja madonge, sehemu moja inaungua nyingine baridi.

Kama ni kapsuli za mafuta

Weka kundi moja la ziada lenye mafuta yaleyale kiasi kilekile, yamemwagwa tu kwenye lami bila kapsuli. Kapsuli nyingi zinapasuka kwenye kuchanganya au kushindilia, na mafuta yakilainisha lami yote mapema bila shaka itapona vizuri, lami laini siku zote inapona vizuri, lakini utalijutia hilo kwenye mlima Kitonga malori yanapotambaa kwa gia ya kwanza kwenye jua la saa nane na magurudumu yanaacha mifereji. Kwahiyo kipimo cha kupona kwa kapsuli kiende sambamba na kipimo cha mifereji ya magurudumu, na kama huna hiyo mashine basi angalau uthabiti wa Marshall kwenye nyuzi 60. Mtu akikuletea namba ya kupona peke yake mrudishe akamalizie.

Kwenye ripoti

Namba ya kupona isiandikwe peke yake hata mara moja. Iandikwe na joto, muda, umri wa lami, nafasi za hewa, aina ya kuvunja, na asilimia ya mawe yaliyokatika. "Asilimia 44, nyuzi 50, masaa 24, siku 5 za kuzeeshwa, hewa 7" inaeleweka. "Inapona asilimia 80" haieleweki.

Na usiihamishie barabarani moja kwa moja. Maabara ufa ni msafi, umefungwa na mtu mwenye mikono miwili, na hamna lori linaloufungua kila sekunde kadhaa. Barabarani ufa mwembamba kama unywele una nafasi, ule unaoingiza ukucha umeshajaa vumbi na maji ya mvua na hauponi, huo ni wa kuziba kwa kazi ya kawaida. Ukitaka kuona hali halisi chagua mita chache zenye nyufa nyembamba, piga picha ukiwa umeweka rula pembeni, asubuhi na mapema kabla ya jua, rudi baada ya msimu wa joto saa ileile. Asubuhi kwasababu mchana lami imetanuka na nyufa zinajificha.

Zile sampuli za kundi A usizitupe bado. Ziponye tena kwa joto na muda uleule, zivunje mara ya tatu, ya nne. Namba itashuka kila raundi, manake kuta zinapoteza chembe na lami inazidi kukakamaa oveni, na inavyoshuka kwa kasi au polepole inakupa picha nzuri ya kiongezeo kuliko raundi ya kwanza. Kapsuli kwa mfano zikishapasuka zimepasuka, raundi ya pili haina mafuta mapya. Kumbuka tu kila raundi B nao warudi oveni, kwahiyo tangu mwanzo tengeneza B za ziada, mbili kwa kila raundi unayopanga.